Vita vya Kagera na Mche wa Sabuni

Mwaka jana kwenye sherehe yetu ya Desemba 9, mzee mmoja alishika kipaza sauti akaturudisha kwenye hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978. Akisema "uwezo", ukumbi unaitikia "tunao". Akisema "sababu", tunaitikia "tunayo". Na nia je? "Tunayo!" Watoto wetu walipiga makofi pamoja nasi bila kujua wanashangilia nini. Baadaye, nikiwa jikoni napakua pilau, kijana wa miaka 12, mzaliwa wa hapa hapa Uingereza, akanisogelea na sahani yake. "Shangazi, kama tulishinda hiyo vita, mbona nyote mmekuja kuishi huku?"

Nilimwambia ale kwanza. Sisi wauguzi tumezoea kuvuta muda namna hiyo mgonjwa anapouliza swali ambalo jibu lake ni refu. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani, nikaenda nalo hata kwenye zamu ya usiku. Mhariri aliponiomba makala ya afya kama kawaida yangu, nikamjibu kwamba kisukari na presha vitasubiri, mwaka huu naomba kuandika juu ya vita na biashara. Mimi si mwanahistoria. Shahada yangu ni ya uuguzi, na nimeisomea huku ugenini. Ila nimezaliwa Bukoba mwaka uliofuata baada ya vita, nikakulia katika nyumba yenye duka. Mama, ambaye sasa anaishi nami na ambaye watoto wengi wa umoja wetu wanamwita Bibi, alikuja na daftari la madeni la duka lile kwenye sanduku lake. Mengi ya nitakayosema yalianzia kwenye daftari hilo.

Wanangu, tuanze na ramani. Kutoka Bukoba hadi mpakani Mutukula ni kama kilomita 80. Ukivuka unapita Masaka, unafika Kampala. Safari yote hiyo ni kama robo tu ya safari ya kwenda Dar es Salaam. Kwa wazee wetu, mjini ilikuwa ni Kampala. Huko walikwenda kutafuta kazi, kusoma, kutibiwa, kununua baiskeli na vitambaa. Tangu 1967 kulikuwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki: reli moja, posta moja, shirika moja la ndege, meli zinazozunguka ziwa kutoka Kisumu hadi Mwanza, Bukoba na Port Bell. Mfanyabiashara wa Bukoba hakuwa na sababu kubwa ya kuufikiria mpaka.

Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, alikuwa na lori moja la Bedford. Alisomba kahawa kutoka vijijini kuipeleka mjini, na kila alipopata nafasi alivuka kwenda Masaka kuchukua bidhaa za duka letu kwa duka moja la jumla la Mhindi. Walikuwa wakiaminiana. Alichukua mzigo leo, akalipa mwezi ujao.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akampindua Milton Obote. Mwalimu alikataa kuutambua utawala ule, na Obote akapewa hifadhi kwetu. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka Tanzania kujaribu kurudi madarakani, wakashindwa, na ndege za Amin zikapiga mabomu Bukoba na Mwanza. Mwaka huo huo Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Baba Mkubwa alipofika Masaka mwishoni mwa mwaka alikuta mlango wa tajiri wake una kufuli jipya, na ndani kuna mwanajeshi asiyejua bei ya kitu chochote. Alirudi na lori tupu. Deni lake la mwezi uliopita halikuwa na wa kulipwa, na Mama anasema jambo hilo lilimsumbua Baba Mkubwa hadi uzeeni.

Ndiyo maana vitabu vikisema vita vilianza Oktoba 1978, mimi huwa nasita. Kwa askari, sawa. Kwa mwenye duka, vita vilianza siku ambayo hakuna tena upande wa pili wa kumkopesha mzigo. Barabara inaweza kuwa wazi, daraja limesimama, hata risasi moja haijalia, na biashara tayari imekufa kwa sababu watu hawathubutu kuaminiana kuvuka mpaka.

Halafu Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Shirika la ndege la pamoja lilikufa mapema mwaka huo, Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka ule haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Kwa hiyo, Amin alipotuvamia, tulikuwa nchi ambayo mlango wake wa kaskazini ulikuwa umefungwa na wa kaskazini-magharibi unawaka moto.

Majeshi ya Amin yaliingia kwa nguvu mwishoni mwa Oktoba 1978, yakateka eneo lote kati ya mpaka na Mto Kagera, karibu kilomita za mraba 1,800, na kutangaza kwamba sasa ni mali ya Uganda. Mapema Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Watu waliuawa, wanawake walinajisiwa, maelfu ya ng'ombe walivushwa, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa na kuharibiwa. Waliosalia walivuka mto kuja kusini na walichoweza kubeba kichwani. Sitaki kijana yeyote anayesoma hapa adhani kwamba ninapohesabu gharama za vita ninauliza kama tulipaswa kupigana. Tulikuwa tumevamiwa. Ninachouliza ni nani alilipa, na alilipa kwa nini.

Jeshi letu wakati ule lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Kwa miezi michache, pamoja na mgambo, likapita 100,000. Watu wote hao, chakula chao na risasi zao vilipaswa kufika kwenye kona ya mbali kabisa ya nchi, ambako reli haifiki. Reli ya kati inaishia Mwanza na Kigoma. Kutoka hapo ni meli au barabara, na barabara ile ya vumbi wenye umri wangu tunaikumbuka. Serikali ikachukua malori na mabasi ya raia, ya mashirika na ya watu binafsi. Lori la Baba Mkubwa lilichukuliwa Novemba, pamoja na dereva wake. Alipewa karatasi yenye muhuri.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo uchumi unapoonekana kwa macho. Lori likiondoka, kahawa inabaki kijijini. Kahawa ikibaki kijijini, mkulima halipwi. Mkulima asipolipwa, halipi duka. Duka lisipolipwa, halina fedha ya kuagiza mzigo mwingine, hata kama mzigo upo. Nikilifungua daftari la Mama kwenye kurasa za Oktoba 1978, naona majina ya wateja kutoka upande wa Kyaka, kila mmoja na deni lake: sukari, chumvi, mafuta ya taa, khanga mbili, dawa ya meno. Aliyelipa, Mama alimpigia mstari. Kuanzia ukurasa huo mistari inakoma. Wengine walikimbilia Muleba na Biharamulo wasirudi tena. Wengine walirudi wakakuta nyumba haina paa na zizi ni tupu. Nani angewadai? Mama hakuwadai. Lakini yeye alidaiwa.

Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni askari wetu wakafika mpaka wa Sudan. Mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera. (Na kwa wale wapenzi wa vituko: mwishoni mwa Machi ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitaka kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosea. Mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, na waliokufa ni swala.) Dereva wa Baba Mkubwa alirudi Agosti, amekonda lakini mzima. Lori lilikatika ekseli njia ya Masaka likaachwa porini. Alichorudi nacho ni ufunguo. Baba Mkubwa alizunguka na ile karatasi ofisi hadi ofisi kwa miaka minne. Hatimaye alilipwa, nami nataka niwe mkweli katika hilo. Alilipwa kwa thamani ya lori ya mwaka 1978. Mwaka 1983 fedha ile ilimnunulia matairi manne.

Gharama ya vita inayotajwa mara nyingi ni dola milioni 500. Watoto wanaweza kuiona kama namba tu, basi niiweke hivi: ilikuwa karibu sawa na kila kitu ambacho Tanzania iliuza nje kwa mwaka mzima. Kahawa yote, pamba yote, katani, karafuu, almasi, chai, korosho. Na vita haviliwi kwa shilingi. Risasi, mafuta ya magari, vipuri na dawa hununuliwa kwa fedha za kigeni, zile zile ambazo kiwanda cha sabuni kinazihitaji ili kuagiza kemikali. Dola ikienda mbele vitani, haipo tena kiwandani. Ndipo sabuni ikaanza kuadimika hata Mtwara na Songea, ambako hakuna aliyewahi kusikia mlio wa bunduki ya Amin.

Wapo wanaosema vita ndivyo vilivyoua uchumi wetu, wakanyamaza hapo. Sikubaliani nao. Mgonjwa huyu alikuwa na maradhi mengine. Bei ya kahawa, iliyopanda sana baada ya baridi kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975, ilikuwa imeshaanguka. Mafuta ya petroli yalipanda bei tena mwaka 1979 baada ya mapinduzi ya Iran. Mashirika ya umma yalikuwa mengi na yaliyoendeshwa vizuri ni machache. Bei za mazao aliyolipwa mkulima zilikuwa ndogo mno. Kama muuguzi nimeona mara nyingi mtu mwenye kisukari, presha na figo dhaifu akiishi miaka kwa kujikongoja, mpaka siku anapovunjika mguu. Hafi kwa mguu, lakini mguu ndio unaomlaza kitandani, na mengine yote yanampata akiwa amelala.

Mwalimu alituambia tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita, mikanda ikabaki pale pale. Desemba 1979 Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu baada ya kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Miaka iliyofuata bei zilipanda karibu asilimia 30 kila mwaka. Hiyo ndiyo miaka ya utoto wangu. Kila kitu kilikuwa na kibali na kila kibali kilikuwa na foleni. Watu waliweka jiwe kwenye mstari kushika nafasi, wakaenda shambani wakarudi, na ole wako uliondoe jiwe la mtu. Tulikula ugali wa unga wa njano wa msaada, ukaitwa Yanga, na wapenzi wa Simba nao wakaula kimya kimya. Magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Watoto wa huku wakisikia hivi hucheka, na sisi tunacheka nao, ila Mama hacheki.

Kwa mwenye duka mdogo, miaka ile ilikuwa mtihani wa namna mbili. Mzigo halali ulipitia kampuni ya biashara ya mkoa, na ukipata katoni moja ya sabuni kwa miezi mitatu umebahatika. Mzigo mwingine ulipita usiku kwa mitumbwi na vichochoro vya mpakani. Wapo waliotajirika kwa magendo na ulanguzi, tena sana, na wengine wao walianza kutajirika vita vikiwa bado vinapiganwa. Hilo halisemwi sana kwenye sherehe. Vita huwafukarisha wengi, lakini siku zote kuna wachache wanaojua kuuza kisichopatikana.

Mwaka 1983 serikali ikaanzisha vita vingine, vya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Wananchi wengi walimpenda Sokoine kwa kampeni ile, na kifo chake katika ajali ya Aprili 1984 kililiza nchi nzima. Bidhaa zilizofichwa kweli zilikuwapo. Lakini hofu haikuchagua. Kuwa na katoni mbili za sabuni nyumbani kulitosha kukufanya uulizwe umezipata wapi, na mahakama ya kawaida haikuwa ndiyo itakayokuhukumu. Mama alikuwa na katoni mbili. Moja ilikuwa na risiti, ya pili haikuwa nayo, na kwa woga hakukumbuka tena ipi ni ipi. Usiku akachimba shimo migombani akazizika zote. Mvua za Bukoba mnazijua. Baada ya wiki tatu alipokwenda kufukua alikuta uji mweupe, na mimi, nikiwa na miaka mitatu, nasimuliwa kwamba niliuchezea povu asubuhi nzima huku yeye ameketi kwenye jani la mgomba analia. Duka lilifungwa mwaka huo. Halikufunguliwa tena.

Mwaka huo huo wa 1983 ndipo wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliporipotiwa, nao walikuwa mkoani kwetu. Nyumbani ugonjwa ule haukuitwa UKIMWI. Uliitwa Juliana, jina la nguo iliyokuwa fasheni na iliyoletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, kwa sababu watu waliona vijana wale wa biashara ndio wanaotangulia kukonda. Sisemi vita vilizaa virusi. Virusi vilikuwapo kabla, na wataalamu bado wanabishana kuhusu mchango wa majeshi katika kuvisambaza. Ninalolijua ni kwamba biashara ya halali ilipokufa, vijana wachapa kazi wa mkoa walihamia kwenye biashara ya usiku, ya kulala njiani na kukaa mbali na wake zao, nayo ikawa njia moja na ile ya ugonjwa. Ukitaka kujua jumuiya ya wafanyabiashara wa Bukoba ilipata hasara gani, usihesabu maduka tu. Hesabu watu wa miaka 20 hadi 40. Shangazi zangu wawili na mume wa mmoja wao wamo katika hesabu hiyo.

Hospitali nazo zilikuwa na vitanda na wauguzi bila dawa. Katikati ya miaka ya 80 yalianza kuja masanduku ya dawa muhimu kwa msaada wa Denmark na UNICEF, na siku sanduku linapofunguliwa kituoni ilikuwa kama siku ya mnada. Nadhani niliamua kuwa muuguzi kwenye foleni mojawapo ya siku hizo, nikimtazama dada mmoja mwenye gauni jeupe akigawa vidonge huku anahesabu kwa sauti ili kila mtu asikie kwamba hapendelei.

Mzee Mwinyi akashika nchi Novemba 1985. Mwaka uliofuata makubaliano na Shirika la Fedha yakasainiwa, na shilingi, iliyokuwa kama 8 kwa dola mwaka 1979, ikashushwa hadi zaidi ya 40. Sabuni ikarudi madukani. Wakati huo mshahara wa mwalimu au muuguzi haukuweza tena kuinunua kwa raha, na ndipo wasomi wetu walipoanza kuondoka, kwanza Botswana na Lesotho, kisha mbali zaidi. Mimi niliondoka 2003, Uingereza ilipokuwa ikitafuta wauguzi kila pembe ya dunia. Nilikuwa nafanya kazi katika wodi ambayo glavu moja ilioshwa ikatumika tena. Kijana wangu wa pilau, umenielewa sasa? Sikukimbia vita. Nilipokuja, vita vilikuwa na miaka 24 tangu viishe, na bado nilikuwa naosha glavu.

Nilikwenda nyumbani Agosti iliyopita, nikapanda basi la kwenda Kampala kumsalimia binamu. Pale Mutukula sasa kuna kituo kimoja cha forodha kwa nchi zote mbili. Unagonga muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja. Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa 1999 imefanya kazi hapo, hilo lazima niliseme. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kwenda Tanga, kilomita 1,443, nalo linaingia Tanzania kupitia Kagera, katika ardhi ile ile iliyotekwa. Malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu kila upande. Niliyahesabu hadi 60 nikaacha.

Mama alikuwa amenituma kitu kimoja tu, mche wa sabuni ya kufulia, ingawa duka la jirani yetu hapa limejaa sabuni za kila rangi. Nilinunua miwili, mmoja upande wetu na mwingine upande wa Uganda. Nilipomkabidhi aliinusa yote, akauliza bei ya kila mmoja, akapiga hesabu kwa vidole, kisha akaenda kuiweka chini ya kitanda pamoja na mingine.